Apigaye mwano asitozwe faini

Usukumani, mwizi wa ng'ombe akiingia zizini usiku, hupigwa mwano: yowe linalopokewa kaya hadi kaya mpaka kila njia ya kijiji imepata watu. Sungusungu, ulinzi wa jadi ulioibuka Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulisimama juu ya yowe hilo. Wa kutozwa faini ni aliyesikia akajifunika shuka, si aliyepiga. Kijiji kikimwadhibu aliyewaamsha wenzake kwa sababu tu mwizi aligeuka kuwa fisi, siku mwizi wa kweli atakapokuja kila mtu atanyamaza. Kwenye magonjwa ya mlipuko tumeipindua kanuni hiyo. Anayepata hasara ni mtoa taarifa. Ndiyo maana nasema kwamba ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga hautalindwa na maabara wala mavazi ya kinga, iwapo mtu wa kwanza kuuona ugonjwa ana kila sababu ya kuuficha.

Hofu kuhusu ukanda huu si ya kubuni. Kati ya 1998 na 2000, homa ya Marburg iliua watu 128 kati ya 154 waliougua Durba na Watsa, kaskazini-mashariki mwa Kongo, wengi wao vijana waliochimba dhahabu katika mashimo yenye popo. Mwaka 2007 virusi hivyohivyo viliwapata wachimbaji wa Kitaka, magharibi mwa Uganda. Aina mpya ya Mpox iliyotambuliwa mwaka 2023 ilianzia Kamituga, mji wa dhahabu wa Kivu Kusini, kisha ikavuka mipaka ya Afrika Mashariki; Machi 2025 ilithibitishwa hapa Tanzania. Rwanda nayo mwaka 2024 iliufuata mnyororo wa Marburg mpaka kwa mchimbaji aliyefanya kazi kwenye pango la popo. Sasa tazama Nyarugusu, Rwamgasa au Mwakitolyo inapotokea rashi, yaani watu wanapokimbilia dhahabu mpya. Kwa siku chache pori linajaa maturubai, karasha zinasaga mawe usiku kucha, mama ntilie anapika kwa maji ya ndoo, na ndani ya duara, shimo la kuchimbia, wanashuka vijana kutoka mikoa mitano ambao hawajuani hata kwa majina. Mmoja akipata homa, hapandi kwenda zahanati; anapanda basi kwenda kwao.

Durba inatufundisha gharama ya ukimya. Wagonjwa walianza kufa Oktoba 1998, lakini dunia ilishtuka mwishoni mwa Aprili 1999, baada ya daktari mkuu wa eneo hilo kufa kwa ugonjwa huohuo. Wakazi walikuwa wakiujua ugonjwa huo wa kutoka damu zamani. Kilichokosekana ni masikio. Kwetu, wilaya ya Biharamulo inapakana na Chato, mkoani Geita. Mgonjwa wa kwanza aliyetambuliwa katika mlipuko wa Marburg wilayani Biharamulo alianza kuugua tarehe 9 Desemba 2024. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwapo kwa washukiwa, Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi, na tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika. Hizo ni wiki sita. Mlipuko ulipofungwa rasmi tarehe 13 Machi, waliohesabiwa kuugua walikuwa 10, na wote 10 walikuwa wamekufa.

Upande wa mifugo ukimya una sura yake. Ng'ombe aliyekuwa mzima jioni anakutwa asubuhi ameanguka, tumbo limevimba, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani. Kwa afisa mifugo hiyo ni picha ya kimeta, na mzoga huo haupasuliwi. Vimelea vikipata hewa hujijengea ganda linaloweza kudumu ardhini kwa miongo. Lakini kwa mwenye ng'ombe huo ni mtaji wa mwaka mzima. Akitoa taarifa, mzoga utafukiwa na hatapata hata senti. Akinyamaza, kibudu kitachunwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa kabla jua halijawa kali, na kambi za wachimbaji ni soko la karibu. Homa ya Bonde la Ufa nayo hutanguliwa na ishara zizini: baada ya mvua kubwa, kundi zima linatupa mimba. Katika mlipuko wa 2007 mamia ya watu waliugua nchini, na zaidi ya 100 walikufa. Mfugaji anayeripoti mimba zilizotupwa huenda anaokoa watu ambao hatawaona kamwe.

Kwa hiyo tiba ianze na dhamana. Mkoa utamke kwa maandishi kwamba duara likisimamishwa kwa uchunguzi, haki ya mwenye duara na viroba vyake vya mawe vitalindwa mpaka lifunguliwe. Mfugaji anayefukia mzoga kwa amri ya serikali alipwe sehemu ya thamani yake. Na majibu ya maabara yamrudie aliyepiga simu namba 199 ya Wizara ya Afya, hata yakiwa hasi. Dawati la Afya Moja, linalounganisha afya ya watu na ya mifugo, lipo Ofisi ya Waziri Mkuu, lakini Afya Moja ya kweli ni pale kwenye kata, mganga wa zahanati na afisa mifugo wanapopeana taarifa siku hiyohiyo.

Kuna watakaosema fedha hazipo na taarifa za uongo zitafurika. Fedha za uwajibikaji kwa jamii, ambazo migodi mikubwa hupangiana na halmashauri kila mwaka, zimejenga madarasa na zahanati. Fungu dogo la fidia halizishindi. Taarifa kumi zinazogeuka kuwa malaria ni gharama ya pikipiki na mafuta, na kila moja inamzoesha mtu kupiga simu. Wengine watasema dawa ni kufunga machimbo na kuwaua popo. Kitaka walijaribu kuwamaliza. Popo wapya walipohamia, kiwango cha maambukizi kati yao kilipanda kutoka takribani asilimia 5 hadi 13, na mwaka 2012 Marburg ikazuka tena katika eneo hilo. Machimbo yakifungwa kwa amri, wachimbaji watahamia porini kusiko na zahanati wala simu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kutangaza mapema kunafukuza watalii na wanunuzi. Ni kweli hasara ipo, na dunia huwaadhibu wasema kweli. Hata hivyo, Rwanda ilitangaza Marburg tarehe 27 Septemba 2024, ikaleta dawa na chanjo za majaribio kwa siku chache, na kati ya wagonjwa 66 waliokufa ni 15. Hospitali zake zilisaidia sana, lakini hakuna hospitali inayomtibu mgonjwa aliyefichwa. Serikali inayoogopa hasara hiyo inamwelewa vizuri mwenye duara na mwenye ng'ombe, kwa kuwa hesabu wanayoipiga ni moja. Basi na iwaondolee wao mzigo ambao yenyewe inaona mzito kuubeba.