Mpira Tuutazame na Wazee Wetu

Tangu Kardinali Robert Prevost alipochaguliwa kuwa Papa Leo XIV, tarehe 8 Mei 2025, wengi wetu tumejifunza jambo ambalo hatukulitarajia: Baba Mtakatifu ni shabiki wa White Sox, timu ya besiboli ya Chicago, mji alikozaliwa. Mwaka 2005 alikuwa uwanjani timu hiyo ilipocheza fainali, na televisheni ilimwonyesha akiwa jukwaani. Mwaka huo White Sox walitwaa ubingwa walioukosa tangu 1917.

Miaka 88! Maana yake wapo mababu waliozaliwa, wakaipenda timu hiyo, wakazeeka na kuzikwa bila kuuona ubingwa, wakawarithisha wajukuu ushabiki na subira. Majirani zao Cubs walisubiri zaidi, kuanzia 1908 hadi 2016. Waliposhinda, mashabiki waliandika kwa chaki kwenye kuta za uwanja wao, Wrigley Field, majina ya wazazi na mababu waliokwisha kufariki. Sisi Wakatoliki, tunaowataja marehemu wetu katika kila Misa, tunawaelewa watu hao vizuri.

Besiboli inawakutanisha wa rika mbalimbali kwa sababu haina haraka. Haihesabiwi kwa dakika 90; ina vipindi tisa, na kati ya mpira mmoja kurushwa na mwingine ipo nafasi ya kuzungumza. Hapo ndipo mzee anapomweleza mtoto kinachoendelea, na mengine yasiyohusu mchezo yakafuata.

Kwetu Tanzania tunao mpira wa miguu. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936. Mzee aliyekuwa na redio anaikumbuka Simba ilipoitwa Sunderland. Mwulize wa Msimbazi habari za mabao sita ya 1977, atakutajia Kibadeni kabla hujamaliza swali. Mwulize wa Jangwani, atakurudisha kwenye mabao matano ya 1968. Ukimwacha aendelee, atakueleza pia alikuwa anafanya kazi gani wakati huo, alipanga chumba wapi, na bibi alimwonea wapi.

Leo hali ni nyingine. Kijana anarudi likizo, anatoa shikamoo, anakabidhi kilo ya sukari, kisha anakwenda kutazama mechi kibanda umiza. Babu anabaki na redio yake. Siku ya mazishi, familia inapotakiwa kuandika wasifu wa marehemu, wajukuu wanatazamana. Mwaka wa kuzaliwa wanaupata kwenye kadi. Maisha yenyewe hakuna anayeyajua.

Wapo watakaosema kwamba mseminari ana mambo bora ya kufanya na wazee: kusali nao rozari, kuwasomea Injili. Ni kweli, na mpira hauchukui nafasi ya sala. Lakini mzee anayetembelewa kwa wajibu tu huanza kujiona mgonjwa anayehudumiwa. Mbele ya mechi yeye ndiye mwalimu. Anabisha, anacheka, anamlaumu mwamuzi, na sisi tunajifunza. Mchungaji wa kesho asiyeweza kumsikiliza babu yake dakika 90 atawasikilizaje waamini katika kitubio?

Hatudai kwamba kila mzee anapenda mpira. Kama wako anapenda bao, keti mcheze bao. Kama bibi anapenda nyimbo za zamani redioni, sikiliza naye. Ila mpira wa kubeti tuuache nje. Anayehesabu mkeka wake hana sikio la kumsikiliza mtu.

Mwaka 2021 Papa Fransisko aliweka Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee, Dominika ya nne ya Julai. Ni siku njema, lakini wazee wanaishi mwaka mzima, na ligi nayo inachezwa karibu kila wiki. Mechi ijayo, tuziweke simu mfukoni, tusogeze kiti karibu naye, na akirudia habari tuliyokwisha kuisikia, tumwache aimalize.