Safari ya mtoni hupangwa nchi kavu

Leo naweka jembe pembeni kidogo. Wengi wenu kutoka hapa Magomeni na vitongoji jirani mnakwenda mabonde ya Ruvuma kufuata mpunga, samaki na mashamba ya ukoo. Mnashuka kwenye gari, mnatembea nusu siku mchangani, kisha mnaingia kwenye mtumbwi kupita mikokoni. Siku mbili tatu hamsikiki. Maoni yangu ni haya: safari hizi haziharibiki majini, zinaharibikia nchi kavu kabla mtumbwi haujasukumwa.

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta. Mwezi Juni mmoja nilikuwa natoka kwa wakulima wa mpunga karibu na maingilio ya mto, tuko wanne pamoja na nahodha. Ilikuwa bamvua. Mzee nahodha alisema tuondoke saa kumi na moja alfajiri, maji yakiwa yamejaa. Mwenye mzigo akawa bado anapima magunia. Tukaondoka saa moja na nusu. Nusu saa baadaye mtumbwi ulikuwa juu ya tope, na hapo tulikaa hadi saa nane mchana kwenye jua kali, na maji ya kunywa yalikuwa chupa moja ya lita moja na nusu. Mtumbwi ulipoelea tena, kusi ilikuwa inavuma kwa nguvu huko nje. Mwenye mzigo alitaka tuendelee. Mzee akamjibu, "Mwanangu, mpunga wako utakauka tena. Wewe ukilowa, hukauki." Tukarudi.

Jambo la kwanza basi ni maji, si nauli. Kwenye pwani yetu, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hukauka karibu saa nne. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Mkulima anayejua kuhesabu siku za kupulizia mikorosho hawezi kushindwa hesabu hii. Panga saa ya kuondoka kwa maji, kisha mzigo uwe umepimwa na kufungwa jana yake.

La pili ni msimu. Januari hadi Aprili mto hufurika na njia za bondeni hupotea. Kuanzia Mei kusi hushika, na mchana bahari huchafuka, kwa hiyo toka mapema. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, ng'ambo tu ya mto wetu, na mkoa wetu ulikuwa umetahadharishwa kabla. Tahadhari ya aina hiyo ikitolewa, safari hakuna.

La tatu ni maji ya kunywa. Mikokoni maji ni ya chumvi. Anayetembea na kupiga kafi juani anahitaji kama lita 4 kwa siku. Watu wawili kwa siku tatu ni lita 24, yaani dumu la lita 20 halitoshi. Ongeza na siku moja ya kukwama.

La nne ni wenyeji wa mto. Viboko hutoka kula usiku na kurudi majini alfajiri. Usipite katikati ya kiboko na maji, na usilale kwenye njia yao. Kwa mamba, usichote maji mahali pamoja kila siku, wala usining'inize mkono nje ya mtumbwi.

La tano ni mpaka. Ng'ambo ni Msumbiji, na tangu shambulio la Kitaya la Oktoba 2020 kila mmoja anajua kwa nini ulinzi umeongezeka. Toa taarifa ofisi ya kijiji unapoanzia na unapofikia, beba kitambulisho, na usivuke kwa vichochoro. Kumbuka pia kwamba maingilio ya mto yamo ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2000. Mikoko si kuni za safari.

Najua wapo watakaosema, "Bwana shamba, safari ni majaliwa." Ni kweli. Lakini mbona shambani hamsemi hivyo? Mnaomba Mungu alete mvua, na bado mnatayarisha shamba kabla haijanyesha.

Wengine watasema kurudi ni hasara. Machi 1861 David Livingstone aliupanda Ruvuma kwa meli ya mvuke Pioneer. Maji yalipoanza kupungua, aligeuza asije akakwama. Mwaka uliofuata akaja tena, safari hii kwa mashua ndogo, akafika mbali zaidi. Lakini mwaka 1866, alipoanzia Mikindani na ngamia, nyati, nyumbu na punda, wanyama wengi walikufa njiani, na mwenyewe aliandika akilalamikia mizigo mizito na mateso waliyopata. Aliyegeuka alirudi na mpango bora. Waliopakiwa kupita kiasi hawakurudi.

Kwa hiyo nina mapendekezo mawili, na najua la kwanza halitawafurahisha wafanyabiashara. Neno la mwisho la kuondoka au kurudi liwe la nahodha, si la mwenye mzigo. Mkubaliane hivyo kabla ya kupakia, na nauli ya nahodha isikatwe akigeuza kwa sababu ya hali ya hewa. Maana nahodha anayejua atalala njaa akirudi ataendelea mbele hata pale macho yake yanapomkataza. Unapomkata nauli, unajikata kamba mwenyewe.

La pili, kila bandari ndogo ya kijiji iwe na daftari. BMU au mtendaji wa kijiji anaweza kulitunza. Andika majina, idadi ya watu, mnakokwenda, na siku ya kurudi. Siku hiyo ikipita na hamjaonekana, kuna mtu anajua aanze kutafuta wapi. Daftari ni bei ya soda mbili. Siku ile tulipokaa topeni, hakuna mtu nchi kavu aliyejua tuko wapi, na hilo ndilo lililonitisha kuliko kiu.

Kijiji chako kikishaanzisha daftari, nijulishe. Nitakuja kuliona, na nikisafiri nitaandika jina langu humo.