Mafuta ya mchimbaji, nani atayatengeneza?

Nendeni soko lolote la Kolwezi siku ya malipo, muangalie meza za pomadi. Tyubu zimepangwa sawa mawe ku depo, kila moja na picha ya mwanamke mwenye ngozi ya kung'aa. Uliza: "Mama, mtoto wangu iko na vipele, nimupake nini?" Atakupa tyubu. Uliza tena: "Na bwana wangu, mikono inamupasuka tangu alianza kazi ku karyeri?" Atakupa tyubu ile ile. Na kwa msichana anayetaka kuwa mweupe mbele ya ndoa yake, pia ile ile. Sisi tunasema hiyo haiko dawa, na haiko hata pomadi ya kujipendezesha. Ni bahati nasibu.

Tufungue basi hiyo tyubu. Mara nyingi ndani muna klobetasoli, moja ya kortizoni zenye nguvu sana zinazopakwa ngozini. Munganga anaitoa kwa muda mfupi na kwa mahali padogo. Siku mbili tu kuwasha kunatulia, njo maana watu wanaiamini. Lakini kama ulikuwa na zile doa za mviringo zinazoletwa na kuvu, kortizoni inatuliza ngozi juu, kuvu inaendelea kula chini kwa chini. Ukipaka miezi na miezi, ngozi inakuwa nyembamba, inachora mistari, kidonda kinakawia kupona. Mtu anayepaka mwili mzima, dawa inamuingia mpaka mu damu na inaweza kumupandishia sukari.

Tyubu zingine muna idrokinoni. Mu Afrika ya Kusini, munganga Findlay aliandika mwaka 1975 juu ya wanawake ambao nyuso zao ziligeuka nyeusi ya bluu, kwa sababu ya idrokinoni ile ile waliyopaka ili wawe weupe. Nchi ile iliikataza mwaka 1990. Hapa kwetu inauzwa kando ya nyanya.

Hatutaki kuishia kukaripia dada zetu. Watu wengi wanafuata tyubu kwa sababu ngozi inawauma kweli, na juu ya meza hakuna kitu kingine.

Na ngozi ya Kolwezi iko na shida yake ya pekee. Kobalti haichomi kama asidi. Inayeyuka mu jasho, inaingia ngozini kidogo kidogo, na kwa watu wengine mwili unaitambua kama adui. Siku mwili umeishaitambua, hausahau tena: hata vumbi kidogo linatosha kurudisha vipele, maji maji, na kule kuwasha kwa usiku kunakoamusha nyumba nzima. Wamama wanaosafisha mawe ku ziwa Malo wanashinda mikono mu maji, bila ganti. Mwaka 2024 mashirika RAID na AFREWATCH yalitoa ripoti juu ya watu wanaoishi karibu na migodi mikubwa ya hapa, na wengi waliohojiwa walisema wanapata magonjwa ya ngozi. Kijana wa sous-traitance yeye hasemi. Siku ya visite médicale anaficha mikono mufukoni, anaogopa wataandika "inapte" na kesho mwenzake atavaa kofia yake.

Kuna mahali ambapo walijibu shida ya namna hii kwa kutengeneza kitu chao. Ni Moshi, Tanzania, chini ya Kilimanjaro, ku hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha kufundisha waganga wa ngozi kinachoitwa RDTC. Pale, pamoja na mfamasia Mafalda Soto kutoka Hispania, walitunga mafuta ya kukinga jua kwa watu wenye ualbino, wakayaita Kilisun. Hawakubandika karatasi mpya juu ya tyubu ya Ulaya. Mafuta yalitungwa kwa jua lile na kwa ngozi zile, yanatengenezwa palepale, na watu wenye ualbino wenyewe wanafanya kazi mule ndani. Kampuni kubwa ya kemia, BASF ya Ujerumani, imesaidia. Yaani feza ya viwanda inaweza kufika mpaka mu kopo la mafuta, kama kuna watu wanaoisukuma.

Sisi hatuombi hata kitu kigumu hivyo. Tunaomba pomadi isiyo na maji ndani: vaselini, nta ya nyuki, mafuta ya avoka. Pasipo maji vijidudu havipati pa kuzalia, kwa hiyo dawa za kuhifadhi hazihitajiki sana. Na isiwe na parfum, maana harufu nzuri nayo inaleta alerji. Lakini sufuria ya jikoni haitoshi. Wafamasia wa Université de Lubumbashi wapime kila mupiko, na wapime hata nta yenyewe, kwa sababu huku kwetu nyuki naye anaishi mu vumbi.

Tena tuseme wazi, mbele patron yeyote hajaanza kufurahi: pomadi haiko ganti. Hakuna mafuta yanayofunga njia ya kobalti kabisa. Kujipaka mengi kisha kushuka mu shimo ni kukamatisha vumbi. Kazi ya pomadi ni jioni, ukiishaoga na sabuni ya kawaida (sabuni ya unga ya kufulia hapana, esanse hapana, mchanga hapana), ngozi ikingali na unyevu. Inafunga zile nyufa, na ngozi iliyofungwa inapitisha uchafu kidogo kuliko ngozi iliyopasuka. Kama vipele vinarudi kila ukirudi kazini, hapo ni munganga, na ni ganti kavu za kubadilisha kila mara, maana ganti iliyoloa jasho na vumbi inapika mkono ndani.

Feza itoke wapi? Code minier ya 2018 inadai kila sosiete yenye kuchimba itoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu na mugodi. Kwa sosiete za Lualaba hizo haziko makuta ya kununulia sabuni. Shida ni kwamba wenye kuchagua miradi wanapenda majengo, jengo linapigwa picha vizuri. Kwa hiyo kikao kijacho kiite mama mmoja wa Malo na kijana mmoja wa sous-traitance, wakae mezani pamoja na wakubwa, waweke mikono juu ya meza, mbele ya kupigia kura ofisi ingine.