Gari la Wagonjwa Halikuundwa Kubeba Tu

Kisiwani Pemba, gari la wagonjwa likishafunga mlango na kuondoka, kijiji kizima huhesabu kuwa kazi imekwisha. Fikra hiyo haina budi kusahihishwa. Gari linalompeleka Chake Chake mtu mwenye kidonda cha kusafishwa na kufungwa, wakati mama aliyetoka kujifungua anatokwa na damu Tumbe, limetumika vibaya, hata kama dereva ametii amri.

Wenzetu wameliona jambo hili. Uingereza, wahudumu wa gari humpima mgonjwa nyumbani kwake na kumtibu. Asipokuwa na dharura, humwacha kwa jamaa zake. Ufaransa, daktari huwapo kwenye simu, naye ndiye anayeamua gari liende au lisiende.

Je, nasi tufanye hivyo? Naam, kwani msingi tunao. Katika mpango wa Jamii ni Afya, wahudumu wa kujitolea wa Zanzibar huwafuata majumbani waja wazito na watoto wadogo. Nao mfumo wa M-mama, uliotangazwa kuwa wa taifa zima mwaka 1922 + 100, yaani 2022, hupokea simu ya bure kwa namba 115, huuliza dalili za mama au mtoto mchanga, kisha hutafuta usafiri. Uchambuzi wa namna hiyo wastahili kumfikia kila mgonjwa.

Lakini tusijidanganye kuwa ni kazi nyepesi. Wachumaji wawili walioanguka mkarafuuni waweza kulia kwa sauti moja: mmoja ameteguka kifundo cha mguu, mwingine ameumia uti wa mgongo. Wa kwanza atafungwa mguu na kubaki kwake. Wa pili akiinuliwa ovyo aweza kupooza. Kuwatofautisha kunataka elimu, si huruma peke yake.

Kwa hiyo masharti ni matatu. Mhudumu awe amefunzwa na kupewa vifaa. Daktari apatikane kwenye simu kabla mgonjwa hajaachwa. Na yaliyofanyika yaandikwe, ili mhudumu wa kituo cha afya kilicho karibu amtazame mgonjwa siku ya pili. Mwananchi aachwe nyumbani kwa sababu hahitaji hospitali, si kwa sababu mafuta yamekwisha. Hizo ni sababu mbili mbalimbali, na anayezichanganya anawadhulumu wanyonge.

Walimu na watumishi wa umma tuna sehemu yetu. Mwalimu awafundishe wanafunzi dalili za hatari, nao wazifikishe kwa wazee wao. Mtumishi asiliite gari kwa cheo chake pale ambapo miguu yake yatosha kumfikisha kituoni. Gari ni la umma. Na katika umma, wa kwanza kulipanda ni yule ambaye bila ya hilo hataiona kesho.