Kikapu si Mbadala

Tarehe 1 Juni 2019 mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa ulipigwa marufuku Tanzania Bara, na tangu siku ile neno moja limeshika mimbari: mbadala. Wakubwa walihimiza mifuko mbadala, na magazeti yakaandika mifuko mbadala. Katika orodha ya mbadala huo kikapu nacho kilitajwa, kikabanwa kati ya mfuko wa karatasi na mfuko wa nguo, mfano wa mgeni aliyekaribishwa karamuni kwa hisani ya wenyeji. Jambo hili lilipita bila ya kupingwa na wenye taaluma ya lugha, ambao kuyapima maneno ndiyo kazi yao. Mbadala ni kitu kishikacho nafasi ya kitu kingine kilichotangulia. Katika masoko ya pwani ya Afrika ya Mashariki kilichotangulia ni kipi? Mfuko wa plastiki ndio uliokuja baadaye, ukawa mbadala wa kikapu kwa miongo michache. Mwenye nyumba akiisha kuitwa mpangaji, kumtoa nyumbani mwake huwa kazi nyepesi.

Na ndivyo ilivyotokea. Waziri Mkuu wa wakati huo, Bwana Kassim Majaliwa, alilitangazia Bunge katazo hilo mwezi wa Aprili 2019, na utekelezaji ukaanza Juni. Muda haukutimia miezi miwili. Mtu hawezi kupanda mkindu Aprili akavuna ukindu wake Juni, bali mwenye mashine anaweza kabisa kuagiza marobota kutoka ng'ambo katika muda huo. Basi pengo likajazwa na mfuko ule ufananao na nguo, wenye mikono miwili na rangi za kupendeza, uuzwao mlangoni mwa kila duka toka Bunju hata Mbagala. Wengi huuita mfuko wa kitambaa. Ukweli ni kwamba mfuko huo umetengenezwa kwa nyuzi za polipropilini zilizoshikamanishwa kwa joto, na polipropilini ni plastiki. Haukupita muda mrefu mifuko hiyo ikaanza kuwa miembamba, ikachanika kabla ya kufika nyumbani, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira likalazimika mara kwa mara kuwakemea watengenezaji wasiofuata viwango. Plastiki ilitolewa kwa mlango wa mbele, ikarudi kwa mlango wa uani imevaa kanzu.

Atasema msomaji: je, kikapu kingeliweza kuifanya kazi hiyo? Swali hili ni la haki, na haki vilevile itolewe kwa mfuko wa plastiki. Ulikuwa mwepesi, haukupitisha maji, na mnunuzi aliupata bure. Zaidi ya hayo yote, ulimngoja mnunuzi pale pale sokoni. Mtu ashukaye daladala saa kumi na mbili jioni pale Rangi Tatu au Tegeta Nyuki, akakumbuka kwamba nyumbani hakuna nyanya, hakutoka asubuhi na kapu mkononi. Hoja hii ni nzito, na wapenzi wa kikapu wanaoidharau hujidanganya wenyewe.

Lakini lugha ya Kiswahili ilikwisha kuijibu hoja hii kabla ya plastiki kuzaliwa, kwa kuwa iliwapa watu wa pwani vyombo viwili chini ya majina mawili. Kipo kikapu, na lipo kapu lililo kubwa zaidi, ambalo hutoka nyumbani na kurudi nyumbani na hukaa miaka. Na lipo pakacha. Pakacha husukwa kwa kuti bichi la mnazi. Fundi hulikata kuti, akayapitisha majani hivi na hivi, akafunga kitako, na kabla mnunuzi hajamaliza kuhesabu fedha zake chombo kiko tayari. Limebeba maembe, limebeba machungwa na samaki, na likiisha kazi yake hutupwa likaoza, au huchomwa jikoni. Pakacha basi ndicho chombo cha mtu asiyetoka na kapu. Katazo la mwaka 2019 lilihitaji vitu viwili, kimoja cha kudumu na kimoja cha kutupwa, na vyote viwili vilikuwapo vikiwa na majina yake. Neno mbadala likavichanganya, likavifanya kitu kimoja kisicho na umbo wala fundi, na kitu cha namna hiyo ni mwenye mashine peke yake awezaye kukileta.

Vyombo vya kusukwa havikuishia hapo. Lipo tenga la kuchukulia mizigo mizito, ambalo hata leo katika masoko ya jumla, kama lile la Sterio huko Temeke, bei ya nyanya hutajwa kwa hilo; atakayesema kwamba chombo cha kusukwa kimekufa na aende huko alfajiri. Upo ungo wa kupepetea, lipo kunguto la kuchujia, kipo kifumbu cha kukamulia tui, ipo kawa ya kufunikia chakula. Lipo kanda, kipo kitanga, upo msala, lipo jamvi, na upo mbacha, yaani mkeka uliochakaa, ambao umeishi katika methali hata kwa watu wasiopata kuuona: usiache mbachao kwa msala upitao. Kila jina lina kazi yake, na kila kazi ilikuwa na mtu aliyejipatia riziki kwayo.

Yafaa kazi yenyewe itazamwe kwa karibu, kwa sababu wanaoizungumza kwenye semina aghalabu hawajapata kuiangalia. Kikapu na mkeka huanza na makuti machanga ya mkindu, au miyaa ya mkoche ikiwa kitu kinachokusudiwa ni kigumu zaidi. Majani hukaushwa, yakachanwa kuwa chane za upana mmoja; na upana huo hupimwa kwa jicho na kidole, hapana rula. Zitakazotiwa rangi huchemshwa. Zamani mizizi ya mdaa ilitoa weusi, siku hizi ni rangi ya unga ya dukani. Kisha chane huloweshwa kidogo zisivunjike, na hapo ndipo usukaji uanzapo. Kinachosukwa si kikapu wala si mkeka, ila ni ukili, utepe mwembamba mrefu unaopimwa kwa pima na kukunjwa mviringo kadiri unavyokua. Ukili ukitosha ndipo ushonwapo, ukingo kwa ukingo, ukawa kapu au mkeka.

Siri ya uchumi wa kazi hii imo katika ukili. Kwa kuwa ni utepe, hauhitaji kiwanda wala meza. Huchukuliwa mkononi, huachwa chungu kikichemka, huendelezwa mtoto akilala, hupelekwa msibani na kwenye baraza ya jirani. Ni kazi iliyotengenezwa kuingia katika nyufa za siku ya mwanamke mwenye kazi nyingine kumi, na ndiyo maana iliwafaa wanawake wa Mbagala na Chamazi, na wa Mbweni na Kunduchi, wengi wao waliotoka Rufiji, Kilwa na Mafia na ujuzi tayari mikononi mwao. Mpango wowote wa kuwakusanya katika jengo moja kuanzia saa mbili asubuhi, kwa jina la kuwaendeleza, hauijui kazi unayotaka kuiendeleza.

Kundi la pili la kuulizwa ni la wale wanaokipenda kikapu kwa namna ya kukiua. Hawa hukisifu kuwa ni urithi. Hukipeleka katika maduka ya vinyago ya Mwenge, kikatiwa mikono ya ngozi na bitana ya kitenge, kikauzwa kwa wageni. Au hukitundika ukutani katika ofisi. Hapana ubaya mgeni akinunua, na fedha yake ni fedha. Kijiji cha Makumbusho nacho, kilichoko katika Kinondoni hiyo hiyo, kina kazi yake ya kuhifadhi na kinaifanya. Ubaya upo pale wenye mamlaka waonapo kwamba kikapu kikishapata ukuta na mgeni, wao wamemaliza deni lao. Chombo kilichoumbwa kibebe dagaa na mchicha hakitunzwi kwa kuepushwa na dagaa na mchicha.

Hapa nchi ya Japani inaweza kutoa ushahidi, nao ushahidi wake una pande mbili. Katika milima ya Okuaizu, mkoani Fukushima, wakulima waliofungiwa na theluji wakati wa baridi walisuka vikapu kwa magome ya mzabibu mwitu, kwa mitambaazi mingine na kwa majani. Kazi ile ile ya nyufa za wakati. Mwaka 1974 serikali ya Japani ilitunga sheria ya kukuza viwanda vya sanaa za mikono za jadi, na usukaji wa Okuaizu ukaingizwa katika orodha yake mwaka 2003. Sharti la kwanza la sheria hiyo lastahili kusomwa mara mbili: kitu kiwe ni cha kutumiwa hasa katika maisha ya kila siku. Hata hivyo, upande wa pili usifichwe. Kikapu cha mzabibu mwitu leo huuzwa kwa bei kubwa sana, na wakichukuao ni watu wa mijini wenye fedha, kama mkoba wa fahari. Sheria ililinda ufundi, bali bei ikakitoa chombo mikononi mwa mkulima. Atakaye kuiga Japani na aige lile sharti la kwanza, aiache ile bei.

Lipo pia jambo la malighafi, nalo halingoji. Mikocheni, mtaa wa Kinondoni ujulikanao leo kwa kuta ndefu na mageti, jina lake lasema wazi kulikuwa na nini hapo: mikoche. Jina limebaki, mikoche imekwenda. Jiji lilihesabiwa watu 4,364,541 mwaka 2012, na mwaka 2022 likahesabiwa 5,383,728. Watu hao lazima walale mahali, na hakuna mwenye akili atakayewaambia wasijenge. Lakini mkindu ni mti upendao mabonde yenye maji, yaani hasa pale ambapo mtu haruhusiwi kujenga. Kingo za Mzinga na Kizinga upande wa Temeke, na za Mto Tegeta na Mto Mbezi upande wa Kinondoni, zinamomonyoka kila masika; kupanda mikindu huko kungezishika kingo na kuwapa wasukaji ukindu. Minazi nayo ina wataalamu wake papo hapo Mikocheni, katika kituo cha TARI, ambacho chimbuko lake ni mpango wa taifa wa minazi ulioanza mwaka 1979. Mtaalamu wa mnazi na msukaji wa pakacha wanakaa katika jiji moja, ilhali hapana sera iliyopata kuwakutanisha.

Itasemwa kwamba halmashauri zina mikopo. Naam, sheria hutaka zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, na asilimia 4 iwe ya vikundi vya wanawake. Utaratibu huo ulisimamishwa Aprili 2023, ukarejeshwa mwaka 2024. Msukaji wa ukili, lakini, hahitaji sana mtaji. Sindano anayo, na mikono anayo. Anachokosa ni mnunuzi wa hakika, na mkopo usio na mnunuzi nyuma yake hugeuka deni tu. Halmashauri ya Temeke na ya Kinondoni ndizo zenye masoko, ndizo zigawazo vizimba na kukusanya ushuru. Zikitaka, kila lango la soko lao laweza kuwa na kizimba kimoja kisicholipiwa ushuru, cha mapakacha na vikapu, ili yule mtu wa saa kumi na mbili jioni akute chombo pale pale alipokuwa akikuta plastiki.

Wamesalia wasomi wa Kiswahili, nao wasijione wako nje ya kesi hii. Vizazi vya wanafunzi vimehesabu mizani na vina vya tenzi, na imefanywa vema. Ni wangapi waliotumwa Mbagala kukaa mkekani na mwanamke asukaye, wakaandika kila jina la kila mtindo wa ukili, la kila pambo na la kila hatua ya mshono? Mabadiliko ya maana wanayaona wenyewe kila siku. Uteuzi wa viongozi ukitangazwa, watu husema mkeka umetoka. Kijana wa Tandika akisema mkeka wake umechanika, hana maana ya kitu cha kulalia, ana maana ya ubashiri wake wa mpira uliomtia hasara. Lugha ina ruhusa ya kucheza hivyo, na mchezo wenyewe una ladha. Lakini ladha hiyo inatokana na mkeka wa kweli, uliotandikwa, ukakaliwa, ukachanika. Wako watoto katika vitongoji hivi ambao mkeka wa kwanza kuuona ni wa plastiki uliofumwa kwa mashine, na mkeka wa pili ni wa kamari.

Kwa hiyo wanaotunga istilahi na wanaotunga kanuni wana kazi moja mbele yao, tena ndogo. Kanuni za mwaka 2019 zilitungwa na Waziri chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na Waziri anaweza kuzirekebisha kwa tangazo katika Gazeti la Serikali. Tangazo hilo na liandikwe kwa Kiswahili, na vyombo vitajwe kwa majina yake: kapu, kikapu, pakacha, tenga, kanda. Na ule mfuko wa polipropilini ufananao na nguo uandikwe plastiki.