Waandishi wa Mambo Yajayo Wasibezwe

Tangu Januari 9, 2020, alipofariki dunia Profesa Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kijiji cha Namagondo, Ukerewe, jina lake limetajwa mara nyingi katika hotuba, lakini vitabu vyake havitafutwi kwa bidii ile ile. Sisi wa Bariadi na mkoa mzima wa Simiyu tunapakana na visiwa kwa maji ya Ghuba ya Speke, na wavuvi wetu wa Busega wanalitegemea ziwa lile lile. Hatuoni haya kumhesabu kuwa wetu.

Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa kuwa ilisema waziwazi yale ambayo wakubwa walipenda yasemwe kwa kunong'ona. Baadaye shule hizo hizo zikaisoma. Mwaka 1974 akatoa diwani ya Kichomi, akitetea ushairi usiofungwa na vina na mizani, ili lugha yake ikaribie ile wanayoizungumza wananchi. Wakongwe wa ushairi walimjia juu. Katika Gamba la Nyoka, mwaka 1979, akatazama jinsi watu walivyohamishiwa vijijini, na hakuwapaka mafuta wasimamizi wa kazi hiyo.

Lakini tunalotaka kulisema leo linahusu Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991. Humo mwandishi aliuacha ule uhalisia uliomjengea jina. Msomaji anaingizwa katika nchi ya ajabu, na katika Mzingile anaonyeshwa ulimwengu uliokwisha angamizwa, binadamu akitafuta pa kuanzia upya. Wapo waliosema kuwa Profesa amepotea njia. Wenye kupenda kuyagawa maandishi kwa mafungu watabisha pia kwamba hizo si riwaya za kisayansi, maana hamna roketi ndani yake. Na wabishe. Kuuliza binadamu atabaki na nini baada ya silaha zake mwenyewe ndiyo kazi hasa ya riwaya za namna hiyo.

Na anayetaka chombo cha angani asome Walenisi ya Katama Mkangi wa Kenya, iliyotoka mwaka 1995. Mkangi, ambaye serikali ya nchi yake ilimweka kizuizini mwaka 1986, alimrusha mhusika wake hadi sayari ya mbali; msomaji akilikata jina la sayari hiyo vipande vitatu anasoma: wale ni sisi.

Tunayasema haya kwa sababu mambo yajayo yamekwisha anza kutufikia. Watu wa visiwani waliona ziwa likipanda na kumeza mialo mwaka 2020, na tena mwaka 2024. Mkulima wa pamba wa Meatu hawezi tena kuitegemea kalenda ya mvua aliyoachiwa na babu yake. Nani atakayemwandikia mtoto wa Itilima au wa Ukara habari za maisha yake ya miaka hamsini ijayo, kwa Kiswahili, ikiwa kijana anayejaribu anaambiwa na mwalimu wake kuwa anaota mchana? Mambo ya sayari tumewaachia watengeneza sinema wa Marekani.

Serikali ilifanya jambo la kupongezwa ilipoanzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Hata hivyo, tuzo haiwezi kumfikia kijana ambaye hajapata kushika riwaya mkononi. Mkoa uliothubutu kutengeneza chaki zake wenyewe kule Maswa hauwezi kushindwa kununua vitabu. Tunazitaka halmashauri zetu zote, pamoja na jirani yetu Ukerewe, zitenge fungu la vitabu vya waandishi wa Kiswahili kwa kila shule ya sekondari, Nagona na Mzingile vikiwamo. Madiwani watakapokaa tena kupitisha bajeti, tutapenda kusikia fungu hilo likitajwa kwa jina lake na kwa kiasi chake cha fedha.