Ndege za kivita melini: kuruka ni nusu ya safari

Juni 14, 2025, ndege ya kivita ya Uingereza aina ya F-35B, iliyoruka kutoka manowari ya kubeba ndege HMS Prince of Wales, ilishindwa kurudi melini kwa sababu ya hali mbaya ya hewa. Ilitua Thiruvananthapuram, kusini mwa India, kisha ikapata hitilafu. Ilibaki hapo hadi Julai 22, baada ya mafundi kuletwa kutoka Uingereza.

Tukio hilo linakumbusha jambo ambalo majeshi yalijifunza kwa gharama kubwa: meli inarusha ndege, lakini nchi kavu ndiyo inayoamua kama ndege hizo zitapigana.

Mwaka 1942, kisiwa cha Malta, kilichokuwa chini ya Uingereza, kilikuwa kikipigwa mabomu kila siku na Ujerumani na Italia. Ndege za Spitfire zilitengenezwa kwa viwanja vya nchi kavu na hazikuwa na ndoano ya kuzisimamisha melini. Marekani ilikubali kuzibeba kwenye manowari yake USS Wasp. Zingeruka mara moja tu, na kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi kisiwani.

Aprili 20, Spitfire 47 ziliruka na 46 zikafika. Lakini Malta haikuwa tayari kuzipokea. Wajerumani walizishambulia zikiwa bado chini, na katika siku chache nyingi ziliharibiwa au hazikuweza tena kuruka.

Mei 9, Wasp ilirudi pamoja na manowari ya Uingereza HMS Eagle. Ndege 64 ziliruka na karibu 60 zikafika. Safari hii kila ndege ilikuwa na mahali pake pa kujificha, mafuta, risasi na rubani mpya aliyekuwa akiingoja. Baada ya dakika chache tu zilianza kurudi angani. Kesho yake ndege za Ujerumani zilipata hasara kubwa.

Ndege zilikuwa zilezile, meli ni ileile. Kilichobadilika ni mapokezi.

Mwaka 1982, katika vita vya visiwa vya Falklands, jeshi la anga la Uingereza lilipeleka ndege zake za Harrier kwenye manowari HMS Hermes. Harrier iliweza kutua wima, hivyo kurudi melini halikuwa tatizo. Hata hivyo, wanajeshi wa uhandisi walitandika kiwanja kidogo cha vibamba vya metali huko San Carlos ili ndege zijazwe mafuta karibu na mapigano.

Leo mataifa makubwa yanapoonyesha manowari zao, picha huwa za ndege zikiruka. Swali la kuuliza ni lingine: zikikwama, nani atazifungulia kiwanja, na kwa masharti gani? Nchi yenye kiwanja hicho inaingia katika hesabu ya vita hata kama haijarusha risasi.